Nakshi na Mbegu: Historia ya Kibuyu cha Kuuzwa

Utangulizi

Katika nyumba nyingi za nchi yetu ya Kenya, hasa mijini, kuna kibuyu kilichotundikwa ukutani. Hakitiwi maziwa wala maji, kimewekwa kitazamwe. Kina nakshi za tembo, twiga na jua, au kimevishwa ushanga. Mwenye nyumba akiulizwa alikipata wapi, atajibu kwamba alikinunua kando ya barabara wakati wa kiangazi, kwa mama mmoja aliyekuwa amevipanga vibuyu vyake chini ya mti. Atataja bei, na pengine atajisifu kwamba aliipunguza. Zaidi ya hapo hana la kueleza.

Makala hii inakusudia kueleza hilo lililobaki. Tutaangalia kibuyu kilitoka wapi, wazee wetu walikitumiaje, nakshi zake zilikuwa na kazi gani, na jinsi chombo cha jikoni kilivyogeuka kuwa bidhaa ya msimu inayomsaidia mkulima kupata karo na chumvi. Tutaonyesha pia jambo ambalo sisi wenyewe tulichelewa kulifahamu: kwamba nakshi inayouzwa sokoni ina wazazi wawili, nao ni mkono wa fundi na mbegu ya mkulima. Soko likimlipa mzazi mmoja na kumsahau wa pili, mtoto hataishi.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Boga tunalolipika asili yake ni bara la Amerika. Mumunye ni tunda la mmea mwingine, ambao wataalamu huuita Lagenaria siceraria, na asili yake ni Afrika. Yapo mamumunye yanayopikwa yakiwa machanga. Lakini likikomaa na kukauka, ganda lake huwa gumu kama ubao. Ganda hilo ndilo kibuyu. Kikubwa sana huitwa dundu, kidogo huitwa kitoma, kilichokatwa kwa ajili ya kutekea huitwa kata, na kile cha mganga huitwa tunguri. Watu hawakipi kitu majina mengi namna hii ila kitu hicho kikiwa karibu sana na maisha yao.

Asili na umri wa kibuyu

Mmumunye ni miongoni mwa mimea ya kwanza kabisa kuingia mikononi mwa wanadamu, tena ulisafiri mbali kabla watu hawajajua kuunda merikebu za kuvuka bahari kuu. Katika bara la Amerika yamepatikana mabaki ya vibuyu yenye umri wa miaka karibu 10,000. Wataalamu walibishana kwa muda mrefu juu ya namna mmea wa Afrika ulivyofika huko. Mwaka 1954 wataalamu wawili wa Marekani, Whitaker na Carter, walieleza jaribio lao: waliyaacha mamumunye yaelee katika maji ya chumvi kwa zaidi ya siku 200, kisha wakazipanda mbegu zake, nazo zikaota. Halafu uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2014 ukaonyesha kwamba vibuyu vya kale vya Amerika ni vya ukoo wa vile vya Afrika, na kwamba mikondo ya Bahari ya Atlantiki ingeweza kuvifikisha. Kibuyu, basi, kiliivuka bahari peke yake, kimebeba mbegu zake tumboni.

Hapa kwetu ushahidi wa kale haukosekani. Mwaka 1938 Mary Leakey na mumewe Louis walichimba katika pango lililo kando ya Mto Njoro, huko katika Bonde la Ufa. Walikuta makaburi ya watu waliochomwa baada ya kufa, na pamoja nao bakuli za mawe, shanga nyingi, chombo cha mti na mabaki ya kibuyu. Moto uliowachoma wafu ndio uliokigeuza kibuyu kuwa mkaa na kukikinga kisioze. Mambo hayo ni ya karibu miaka 3,000 iliyopita. Yafaa mwanafunzi alikumbuke pango la Njoro kila anapoambiwa kwamba historia ya sanaa zetu ilianza siku wageni walipoziandika. Watu wale walimzika mwenzao pamoja na kibuyu chake, maana waliona kwamba mtu hafai kwenda safari ndefu bila chombo.

Kibuyu katika maisha ya jamii zetu

Hakuna upande wa nchi yetu usiokuwa na kibuyu chake. Wakalenjini wana sotet, na humo hugandisha maziwa ya mursik. Kabla ya kutia maziwa, ndani ya kibuyu husuguliwa kwa mkaa wa miti maalumu, hasa senetwet, ili kukisafisha, kuyahifadhi maziwa na kuyatia ladha. Wanariadha wetu warudipo kutoka mashindano ya ng'ambo, hupokewa uwanja wa ndege kwa sotet ya mursik, na dunia nzima imeiona picha hiyo. Wamasai, wa Kenya na wa Tanzania pia, hufukiza vibuyu vyao vya maziwa kwa kijinga cha mzeituni mwitu, na kuvipamba kwa ngozi, ushanga na kauri. Waluo wana agwata, Wakikuyu wana kinya, Wakamba wana kitete. Wamijikenda wana kadzama, kibuyu cha tembo la mnazi, ambacho bila hicho mashauri mengi ya wazee, ya posa na ya faini, hayakukamilika. Tukivuka mpaka kidogo kwenda Uzaramo nchini Tanzania, tutakuta tunguri za waganga zilizozibwa kwa vizibo vya mti vilivyochongwa mfano wa kichwa cha mwanadamu.

Je, nakshi zilikuwa na kazi gani? Wengi hudhani kwamba zilikuwa pambo tu. Kupamba kulikuwamo, wala si aibu. Lakini kulikuwa na zaidi. Nakshi ilikuwa alama ya mwenyewe. Penye arusi au kazi ya ujima, vibuyu vya nyumba nyingi hukusanyika mahali pamoja, na jioni kila mama alikitambua chake kwa mchoro wake. Kadhalika nakshi ilionyesha heshima: kibuyu cha bibi arusi hakikuwa sawa na kibuyu cha kuchungia ng'ombe.

Mfano ulio bora kuliko yote ni gicaandi ya Wakikuyu. Hiki ni kibuyu kilichotiwa mbegu ndani kiweze kuchezeshwa kama kayamba, na juu ya ganda lake zimechorwa alama nyingi. Kwa kibuyu hicho washairi wawili walishindana kwa mafumbo: huyu hutoa fumbo, yule hulifumbua na kutoa lake, na alama zile zilimwongoza mshairi katika beti zake. Ngũgĩ wa Thiong'o alipoandika riwaya yake ya Caitaani Mutharaba-inĩ, iliyotoka mwaka 1980, alimpa mpiga gicaandi kazi ya kusimulia hadithi. Sisi tunaotunga mashairi tunapoitazama gicaandi, hatuwezi kusema kwamba wazee wetu hawakuwa na njia ya kuweka maneno juu ya kitu. Waliyaweka juu ya ganda la mumunye.

Kazi ya mkono na majira yake

Sasa tuieleze kazi yenyewe, maana bila ya kuijua hatuwezi kuelewa kwa nini kibuyu ni riziki ya msimu. Tutaichukua nchi ya Ukambani kuwa mfano, hasa Kitui, kwa kuwa huko kazi hii imeshika mizizi, na kwa kuwa ndiko tulikoishi kwa miaka kadhaa kwa utumishi.

Kitui ni nchi kavu. Mvua zake ni mbili, na mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo za kutegemewa zaidi. Mvua ikikaribia, mama huzitoa mbegu zake alizozihifadhi juu ya meko, mahali ambapo moshi huzikinga na wadudu. Huzipanda kando ya ua, au chini ya mti ambao mmea utaupanda, au pembeni mwa shamba la mahindi na kunde. Mmumunye haudai shamba lake wenyewe. Hutosheka na pembe iliyobaki. Maua yake ni meupe, nayo hufunguka jioni na kuzuriwa na nondo wa usiku.

Hapa pana elimu ambayo haijaandikwa katika vitabu vingi. Mamumunye ya maumbo mbalimbali yakipandwa karibu karibu, chavua huchanganyika, na mbegu ya kibuyu cha shingo ndefu yaweza kuzaa kibuyu cha tumbo. Hata uchungu huambukizwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mkulima hodari huchagua tunda la mbegu kwa jicho kali, hutenga aina moja mbali na nyingine, na hubadilishana mbegu na jirani anayemwamini. Tunda likiwa changa, laweza kufungwa kamba kiunoni likaota kiuno, au kuinamishwa shingo likapinda. Fundi, basi, huanza kazi yake tunda lingali kwenye mmea.

Tunda huachwa mpaka kikonyo chake kikauke. Mama hulibisha kwa kidole na kusikiliza: lililokomaa hulia kavu. Likichumwa mapema, hunyauka na kuoza, na kazi ya miezi mingi hupotea. Likishachumwa hukaushwa, jingine kwa majuma, jingine kwa miezi. Au hutobolewa, likatiwa maji, nyama ya ndani ikaoza na kumwagwa. Kisha hutiwa changarawe na kutikiswa ili mbegu na nyuzi zilizogandamana zitoke. Huoshwa mara nyingi mpaka uchungu wote uishe. Ngozi ya nje hukwanguliwa kwa kisu, na ganda husuguliwa kwa majani ya msasa hata likawa laini.

Ndipo nakshi huanza. Ziko njia mbili zilizo mashuhuri. Ya kwanza ni kuchanja ganda kwa ncha kali ya kisu au sindano, kisha kupaka masizi yaliyochanganywa na mafuta. Masizi huingia katika mikwaruzo, na mchoro hutokeza mweusi juu ya ganda la rangi ya asali. Ya pili ni kuchora kwa chuma cha moto, na hapo mkono hautakiwi kutetemeka, kwa kuwa palipoungua hapafutiki. Kibuyu kikipasuka hakitupwi; hushonwa kwa uzi wa nyuzi za mti au wa ngozi, na mshono ukishonwa vizuri huwa nao ni nakshi.

Zingatia majira. Mbegu huenda ardhini wakati wa vuli. Matunda hukomaa na kukauka katika miezi inayofuata. Na kiangazi kirefu cha Juni hadi Septemba kinapoingia, shamba halina kazi kubwa, vibuyu vimekwisha kukauka, na mikono imepata nafasi. Katika miezi hiyo hiyo ya Julai na Agosti watalii huja kwa wingi kuwatazama wanyama wetu. Kwa bahati njema, wakati wa mkulima kuwa na nafasi umelingana na wakati wa mnunuzi kupita njiani. Fedha ya kibuyu haimnyang'anyi mtu siku hata moja ya kulima. Huja wakati ghala inapopungua na muhula wa shule unakaribia. Ni fedha haba, na ya msimu, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Kutoka jikoni hadi sokoni

Biashara ya vibuyu si jambo jipya. Toka zamani, jamii isiyolima ilipata vibuyu vyake kwa jirani zake wakulima. Mfugaji alihitaji chombo cha maziwa ambacho nchi yake kavu haikumwotesha. Mkulima alihitaji mbuzi na ngozi. Kibuyu kilitoka shambani kikiwa ganda tupu, nako kwa wafugaji kikavishwa ushanga.

Mabadiliko makubwa yalikuja wakati wa ukoloni. Debe tupu la mafuta ya taa liligeuka kuwa chombo cha kuchotea maji. Halikuvunjika likianguka, na lilibeba maji mengi kuliko dundu. Bakuli na vikombe vya bati lenye rangi viliingia jikoni na kuonekana kuwa alama ya ustaarabu. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 plastiki ilienea, na jerikeni ikamaliza kazi iliyoanzwa na debe. Hatuwezi kumlaumu mama aliyechukua jerikeni; safari ya mtoni ni ndefu na mgongo ni wake. Lakini kibuyu kilipoondoka jikoni, sababu ya kuipanda mbegu yake iliondoka pia.

Wakati huo huo mlango mwingine ulifunguka. Wakamba walikuwa wamekwisha kujulikana kwa vinyago. Yasimuliwa kwamba Mutisya wa Munge, wa Wamunyu, aliiona biashara ya uchongaji alipokuwa Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nayo kwao. Kinyago kilifungua njia, na vitu vingine vya mkono vikafuata: kiondo, ushanga, na kibuyu cha nakshi. Kwa mnunuzi mgeni, alama ya mwenyewe haikuwa na maana. Yeye alitaka tembo. Basi fundi akachora tembo. Hatusemi kwamba tembo si nakshi, wala kwamba fundi alikosea. Sanaa hai hubadilika pamoja na wateja wake, na mchoro wa twiga uliochorwa kwa mkono thabiti ni kazi ya kuheshimiwa. Tunasema tu kwamba tokea hapo bei ilianza kufuata picha, na ganda likawa kama karatasi ambayo hakuna anayeuliza ilitengenezwa na nani.

Aghalabu safari ya kibuyu sokoni huwa hivi. Mkulima humwuzia fundi ganda kavu kwa bei ndogo, fundi humwuzia mchuuzi, naye mchuuzi humwuzia mgeni. Kila hatua bei hupanda, na anayebaki chini kabisa ni yule aliyeitunza mbegu mwaka mzima.

Yaliyotupata sisi

Tunaomba radhi kwa msomaji kuleta hapa habari yetu wenyewe, lakini tunaona kwamba inafaa kuwa somo. Katika miaka ya 1990, tulipokuwa vijana katika utumishi, ofisi moja iliagiza vibuyu 100 vya nakshi viwe zawadi kwa wageni wa sherehe. Sisi ndio tuliopeleka barua. Barua ilieleza kila kitu: urefu uwe mmoja, tumbo liwe la mviringo, shingo iwe imenyooka, na picha iwe ya tembo.

Tulimkuta mama mmoja mzee, mkuu wa kikundi cha akina mama, amekaa ukumbini mwa nyumba yake na vibuyu vyake mbele yake. Vilikuwa vya kila namna: vya kiuno, vya tumbo, vidogo vya ugoro, na kimoja cha shingo ndefu iliyopinda kama ya korongo, cha kumiminia asali. Tulimsomea barua. Alisikiliza mpaka mwisho, akatuuliza:

"Mwanangu, hao wageni wenu wote ni wa kimo kimoja?"

Tulicheka, lakini agizo lilikuwa agizo. Tulichagua vile vilivyolingana na barua, navyo havikufika hata nusu ya vilivyotakiwa. Vingine tulivikataa. Mama yule hakuteta. Alikichukua kile cha shingo ya korongo, akatupa kiwe zawadi yetu, akasema kwamba kwa kuwa hakina mnunuzi, afadhali kiwe na rafiki.

Miaka miwili baadaye tulipita tena. Ukumbi ulikuwa umejaa vibuyu vya tumbo la mviringo na shingo iliyonyooka, vyote ndugu moja. Tulipouliza habari za vile vingine, mama alijibu kwa upole:

"Tulipanda mnavyonunua. Mbegu za vile vingine hatukuziweka; ziliisha."

Jibu lile lilituuma. Tulikuwa tumekwenda kwa jina la kukuza utamaduni, na kwa barua moja tulikuwa tumeupunguza. Tuliporudi nyumbani tulikitikisa kile kibuyu cha zawadi, na ndani yake zikalia mbegu chache zilizokuwa zimenasa. Tulizitoa kwa kijiti, tukampelekea. Alizipanda mvua ya vuli ilipokuja, na nne ziliota. Matunda yake yalipinda shingo kidogo tu, kwa kuwa mama wa mbegu zile alikuwa ameota jirani na mimea ya aina nyingine. Mama alituambia kwamba huyu ni mtoto, si yule mwenyewe, na kwamba itachukua misimu mingi ya kuchagua na kutenga ili kumrudisha.

Uwezo wa kuharibu uko upesi kuliko uwezo wa kurudisha. Hilo tulijifunza ukumbini mwake, wala hatukulisoma katika faili yoyote.

Kazi ya kuokoa, na mifano ya kwingine

Furaha yetu ni kwamba wako waliolitambua jambo hili na kulifanyia kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, akina mama wa kikundi cha Kyanika huko Kitui, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walianza kukusanya mbegu za vibuyu pamoja na maarifa yake: majina, matumizi, hadithi na nyimbo zinazohusu kila aina. Hawakutafuta ganda peke yake. Walitafuta habari zake kwa wazee, wakaziandika. Hivyo ndivyo inavyopasa. Mbegu bila jina ni punje tu, na jina bila mbegu ni neno la kamusi.

Tukitazama mbali zaidi, tutaona kwamba hatuko peke yetu. Nchini Peru, karibu na mji wa Huancayo ulio milimani, vijiji vya Cochas Grande na Cochas Chico vinajulikana kwa vibuyu vilivyochanjwa picha ndogo ndogo za mavuno, arusi na sherehe. Sanaa ya nchi hiyo ni ya kale: mwaka 1946 Junius Bird alivumbua huko Huaca Prieta, pwani ya Peru, vibuyu vyenye nakshi vilivyo na umri wa zaidi ya miaka 4,000. Lakini milima ya Huancayo, iliyo juu ya mita 3,000, ni ya baridi mno kwa mmea huu, na mafundi hawana budi kununua maganda kutoka nchi za chini zenye joto. Mkono uko huku, na mbegu iko kule. Sisi tunazo zote mbili katika boma moja. Ni neema ambayo tusipoiangalia tutaipoteza.

Nako Marekani, kila mwaka mwezi wa Oktoba, watu huyachonga na kuyapaka rangi maboga kwa ajili ya sikukuu ya Halloween. Desturi hiyo ilipelekwa na wahamiaji wa Ireland katika karne ya 19, ambao kwao walichonga turnipu. Wakulima na mafundi wengi hupata fedha katika majuma hayo machache. Lakini boga ni tunda bichi; siku ya 31 Oktoba ikipita, hakuna alitakaye, na muda si mrefu huoza. Kibuyu chetu hakina haraka hiyo. Kisipouzwa mwaka huu kitauzwa mwaka ujao, na kisipouzwa kabisa kitatiwa maziwa. Mwenye bidhaa isiyooza ana nguvu ya kukataa bei mbaya, na nguvu hiyo mkulima wetu aifahamu.

Hitimisho

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 11, inautaja utamaduni kuwa msingi wa taifa. Walimu wengi huwafundisha wanafunzi sehemu hiyo. Lakini wachache huendelea kusoma mpaka chini, mahali ambapo kifungu hicho hicho kinaagiza Bunge litunge sheria za kuzilipa jamii kwa matumizi ya tamaduni na urithi wao, na za kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kienyeji na aina za mimea. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Hivyo sheria ya nchi imekwisha kuviweka pamoja vitu viwili ambavyo soko huvitenga: nakshi na mbegu. Kilichobaki ni sisi kuviweka pamoja katika matendo.

Kwa walimu tunapendekeza mambo matatu yasiyohitaji bajeti kubwa. La kwanza, kila shule yenye ua ipande mimumunye ya aina mbili au tatu za mahali pale, na wanafunzi wajifunze kuzitenga na kuchagua mbegu. Hilo ni somo la sayansi, la kilimo na la historia kwa pamoja. La pili, mwanafunzi aende kwa nyanya yake na daftari, aandike jina la kila kibuyu anachokikumbuka, kazi yake na nakshi yake. La tatu, somo la sanaa likifika, mwanafunzi asinakili tembo wa kando ya barabara peke yake. Aulize pia alama za kwao zilikuwa zipi.

Kwa wanunuzi, na tukiwamo sisi watumishi wa serikali tunaoagiza zawadi za sherehe, tunasema: tununue maumbo yote. Kibuyu kilichopinda kina haki ya bei sawa na kilichonyooka. Tumwulize muuzaji ganda hili lilioteshwa na nani, na tukubali kumlipa huyo pia. Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mgeni atapita na sherehe itapita, vuli ikija, atakayeinama pembeni mwa shamba kuifukia mbegu ni yule mama, naye ataifukia ile tuliyomwonyesha kwamba ina thamani.